Kwa nini tunakata miti Tooting

Kila nikija Muscat kuwaona wazee, suali ni lile lile: "Wewe hasa kazi yako ni nini?" Nikijibu kwamba mimi ni mtaalamu wa viumbe pori, anadakia mwengine: "Huko London? Kuna wanyama gani?" Wengi wanadhani nalisha simba kwenye bustani ya wanyama. Ami yangu mmoja alikuwa akiwaambia wageni kuwa mimi ni mtunza shamba wa Malkia, na tangu Malkia afariki amenihamishia kwa Mfalme.

Basi nimeona niieleze kazi hii humu. Familia nyingi za kwetu kutoka Oman na Imarati hupita London wakati wa joto, na vijana kadhaa wameniandikia wakitaka kujua habari za masomo ya mazingira. Na kuna jambo moja ambalo halieleweki, si kwa watu wetu tu bali hata kwa Waingereza wenyewe: kazi ya kuwatunzia viumbe pahala pao pa kuishi, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya kukata.

Mimi nafanya kazi Tooting, kusini mwa London. Anayepajua Tooting anapajua kwa mikahawa ya Kihindi na Kipakistani, kwa misikiti yake, kwa hospitali kubwa ya St George's, na kwa masoko yake ya ndani ambamo hukosi bamia wala muhogo. Meya wa London, Sadiq Khan, ni mtoto wa hapo. Lakini ukishuka stesheni ya Tooting Bec na kutembea dakika chache, nyumba zinakatika ghafla na unajikuta kwenye uwanja wa eka 220 hivi: majani, msitu, vichaka vya miba, ziwa dogo, na njia za reli zinazopita katikati. Ndio Tooting Common.

Neno hilo "Common" linahitaji maelezo, kwa sababu si bustani ya maua na wala si pori la serikali. Uingereza ya zamani ardhi kama hii ilikuwa na bwana wake, lakini wanakijiji nao walikuwa na haki juu yake: kulisha ng'ombe na kondoo, kukata vichaka kwa kuni, kuchimba changarawe. Bwana hakuweza kuwafukuza, na wao hawakuweza kuiuza. Msomaji wa Oman hatapata taabu kufahamu, maana hima ya Arabuni ni jamaa ya karibu ya utaratibu huo: malisho yenye mipaka na masharti, yanayotunzwa kwa ajili ya watu wa pahala.

Karne ya 19 London ilipofura, haki hizo zilianza kuliwa. Reli zilikata uwanja vipande. Mwenye ardhi ya upande wa Tooting Graveney alitia uzio, majirani wakampeleka mahakamani, na mwanzoni mwa miaka ya 1870 wakashinda. Mwaka 1873 Bodi ya Kazi za Jiji la London ilinunua upande wa Tooting Bec, na mwaka 1875 ikanunua upande wa Graveney, ili pasijengwe tena. Leo mwenye dhamana ni Halmashauri ya Wandsworth. Mimi ni mmoja wa watu wa mkataba tunaohesabu viumbe, tunaopima na kushauri: kipi kikatwe, lini, na kipi kiachwe.

Sasa tuje kwenye kukata.

Kitu cha thamani zaidi Tooting Common hakimshangazi mtu. Ni majani. Si yale ya kijani yaliyojaa kama zulia, bali vipande vya majani membamba, mafupi, yaliyoota juu ya changarawe yenye asidi na isiyo na rutuba. Mwezi wa Julai yanakuwa rangi ya udongo na mtu anasema yamekufa. Hayajakufa. Ndani yake mna mimea midogo inayogeuka myekundu wakati wa joto, mna nyuki wasio na mzinga ambao kila jike huchimba shimo lake mwenyewe kwenye mchanga mtupu, mna vichuguu vya chungu wa manjano, na kwa ajili ya chungu hao anakuja kigogota wa kijani, ndege mwenye ulimi mrefu wa kuwanyonyolea humo. London ilikuwa na ardhi nyingi ya namna hii. Iliyobaki ni vipande vipande.

Siri ya ardhi hii ni umasikini wake. Mkulima anatia samadi ili kitu kimoja kiote kwa nguvu. Sisi tunataka kinyume chake, kwa sababu udongo ukipata rutuba, majani mawili matatu yenye tamaa yanapanda juu na kuvifunika vyengine vyote. Kwa hiyo mwisho wa kiangazi tunafyeka, na tulichokifyeka tunakiondoa. Hapo ndipo kazi ilipo, kwenye kuondoa. Ukiyaacha majani pale pale yanaoza na kuwa mbolea, na umejichosha bure.

Na rutuba inaingia kwa milango ambayo mtu haifikirii. Moshi wa magari unaleta naitrojeni hewani. Mbwa nao. Watafiti wa Ubelgiji walichunguza hifadhi karibu na mji wa Ghent, na mwaka 2022 wakatoa hesabu kwamba mbwa wanaotembezwa humo huacha kilo 11 za naitrojeni na kilo 5 za fosforasi kwa kila hekta kwa mwaka. Kwa mkulima hiyo ni mbolea ya bure. Kwa majani yetu masikini ni sumu ya polepole. Jaribu kumwambia Muingereza habari za mbwa wake uone.

Adui wa pili ni mti. Najua neno "adui" linakera, lakini nifuate kidogo. Zamani kondoo na ng'ombe walikuwa wakila kila mche uliochomoza. Malisho yalipokoma, mialoni ilianza kuota, na mpandaji mkubwa ni ndege wa jamaa ya kunguru aitwaye jei, ambaye kila msimu wa kupukutika majani huficha maelfu ya mbegu za mwaloni ardhini kuwa akiba ya baridi, na nyingine hazirudii. Msitu mwingi anaouona mgeni Tooting leo, akadhani ni wa tangu na tangu, umeota baada ya mifugo kuondoka. Uwanja wa wazi ndio mzee wa msitu. Tusipong'oa miche, katika muda wa maisha ya mtu mmoja majani yote yatakuwa kivulini, na nyuki, chungu na kigogota hawana pengine pa kwenda, maana ng'ambo ya barabara ni nyumba.

Hatukati ovyo. Sheria ya wanyamapori ya 1981 inamfanya mkosa yeyote anayeharibu kwa makusudi kiota kinachotumiwa, kwa hiyo vichaka na miti tunaigusa wakati wa baridi, baina ya Oktoba na Februari. Mti mkubwa wenye ufa au tundu huangaliwa kwanza kwa tochi kama una popo. Popo wa huku ni wadogo mno, yule wa kawaida ana uzito wa gramu 5 hivi, lakini pahala anapolala panalindwa hata siku ambazo mwenyewe hayupo. Nimewahi kuona kazi ya wiki nzima ikisimama kwa ajili ya tundu moja.

Hayo yote mpita njia hayaoni. Anachokiona ni watu wenye misumeno asubuhi ya Januari. Tooting ina kumbukumbu ya jambo hili: mwaka 2016 halmashauri ilikata miti 51 ya chesnati iliyokuwa imepanga safu kandokando ya njia moja, ikapanda miti 64 ya tilia badala yake. Halmashauri ilisema miti ile imezeeka, ina maradhi na ni ya hatari. Wakazi wengi walisema mingi ingeweza kuishi bado, wakapinga kwa kila njia. Mimi nilikuwa sijaanza kazi hapa, na wote wawili nawaelewa. Ninachoona ni kwamba jeraha lile halijapona, na kila anayeshika msumeno leo analipa sehemu ya deni lake. Nimeitwa muuaji wa miti na mama aliyekuwa akisukuma gari la mtoto. Nilimueleza kwa dakika ishirini. Hakukubali, ila alinisikiliza hadi mwisho.

Watu wa Ghuba wana somo lao wenyewe katika jambo hili. Kuna mti wa Marekani wa jamaa ya mghafu, ambao Oman na Imarati waliupanda ili kuifanya jangwa iwe ya kijani. Unaota upesi, haujali chumvi wala ukame. Leo umevamia mabonde, unanyonya maji ya chini na kuusonga mghafu wenyewe wa asili, na huko Dhofar kumekuwa na kampeni za kuung'oa. Mti huo huo uko Kenya, wanauita mathenge. Watu wa Baringo walipochoka nao miaka ya 2000 waliishitaki serikali, na wakamfikisha mahakamani mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake. Suali la mti si kama ni mzuri au mbaya. Suali ni: umepandwa wapi, na umekaa pahala pa nani?

Jibu hilo ni jepesi kuandika. Nililazimika kulisema uso kwa uso kwa mzee mmoja wa kwetu, na si jepesi hata kidogo.

Asubuhi moja ya Novemba nilikuta mtini mchanga umepandwa katikati ya kipande bora kabisa cha majani yale, na pembeni yake mfuko wa samadi uliomwagwa vizuri, kwa mapenzi. Nilikaa siku mbili tatu nikiulizia. Mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Pemba, mstaafu, anayepita pale kila siku baada ya alfajiri. Akaniambia bila ya kuficha: "Mwanangu, ule ni sadaka ya marehemu mke wangu. Watu watakula, ndege watakula, na yeye atapata thawabu."

Nani wetu hakulelewa na mafundisho hayo, kwamba anayepanda mti, kila anachokula mtu au ndege kutoka kwake ni sadaka yake? Nilimwambia, "Mzee wangu, nia yako haina doa. Lakini hapa chini pana viumbe ambao riziki yao ni jua na udongo usio na kitu. Mtini ukikua, na samadi hii, tutawanyang'anya." Akatazama chini muda mrefu. Nikamuonesha mashimo ya nyuki. Halafu nikamwambia tunaweza kuungoa ukiwa umelala kwa baridi, tuuhamishe kwenye bustani ya binti yake. Akanijibu jambo ambalo mpaka leo nalifikiria: "Bustani ya mtu na ukuta wake si sadaka ya umma."

Alikuwa na haki. Yeye ameelewa maana ya ardhi ya umma kuliko watu wengi ninaokaa nao vikaoni. Mwisho mtini tuliupeleka kwenye bustani ya pamoja ya majirani upande wa Mitcham, ambako yeyote anaweza kuchuma. Amekubali, ila hajafurahi: ni mbali, hapiti tena kila alfajiri. Akiniona bado huniamkia kwa jina alilonipa, "mng'oa miti", na sina hakika kila siku kwamba ni mzaha.

Nikirudi kwenye kazi: kuna mti tunaouacha hata watu wakitaka uondolewe, nao ni mti uliokufa. Magogo yanayolala kwenye msitu wa Tooting hayakusahauliwa. Kusini mwa London ni ngome ya mbawakawa wa pembe, mdudu mkubwa kuliko mbawakawa wote wa Uingereza, dume lake linafika urefu wa kidole. Buu wake huishi chini ya ardhi akila mti uliooza, mara nyengine miaka mitano, sita, hata saba. Akishatoka akiwa mkubwa ana wiki chache tu za kuruka, kutafuta mwenzake na kufa. Kwa hiyo anayechukua gogo kupambia bustani yake anaondoka na maisha ya miaka ya mtu mwengine. Anayetaka kuwaona aje jioni yenye joto ya Juni, jua likizama, awatazame wakiruka kizito kizito kama pikipiki iliyobeba mzigo.

Na ziwa. Hapa nitawagusa wasomaji wengi, maana nimewaona kwa macho yangu na mifuko ya mikate iliyolala. Kumlisha ndege ni kheri, hilo halina ubishi. Lakini mkate unaobaki unazama, unaoza, unayalisha maji mpaka yanatanda utando wa kijani, na panya wanakula ule wa ukingoni. Ni hadithi ile ile ya rutuba iliyozidi, safari hii majini. Mwenye kutaka kulisha aje na kiasi kidogo cha shayiri au njegere zilizoyeyuka barafu, na akiona bata wamegeuka wanaondoka, ajue wameshiba. Wenye mbwa nao wana lao: dawa za viroboto wanazopakwa mbwa huoshwa wanapoogelea, na huko Hampstead Heath, kaskazini mwa jiji, watafiti wamezikuta kwenye maji ya madimbwi kwa kiwango kinachodhuru wadudu.

Jengine la kuwaonya wageni wa kiangazi. Mwaka 2006 iligunduliwa London nondo aliyeingia na miti iliyonunuliwa kutoka bara la Ulaya. Viwavi wake huenda kwenye mialoni kwa safu, kichwa kwa mkia, kama maandamano, na hufuma viota vyeupe vya hariri juu ya shina. Watoto wanavutika. Wasiviguse, wala kiota kilichoanguka, hata kama ni cha mwaka uliopita: vinyweleo vyake vinawasha ngozi na macho, na mwenye pumu anaweza kupata shida ya kupumua.

Huwa naulizwa kama yote haya hayajazidi, mtu mzima kushughulikia chungu na majani. Nawajibu kwa habari ya paa mweupe wa Arabuni, al-maha. Wa mwisho porini aliuawa Oman mwaka 1972. Mwaka 1982 Oman ikawarudisha jangwani Jiddat al-Harasis, na watu wa kabila la Harasis ndio waliokuwa walinzi wao. Dunia nzima ikaja kujifunza. Mwaka 1994 hifadhi ikatiwa katika Urithi wa Dunia. Mwaka 1996 paa walikuwa 450. Ujangili ukaingia, halafu eneo likapunguzwa kwa asilimia 90, na mwaka 2007, paa wakiwa 65, UNESCO ikaifuta hifadhi hiyo kwenye orodha, ya kwanza kufutwa duniani. Oman haikuacha; wapo wanaozalishwa ndani ya uzio na kutolewa tena. Ila nikikaa kwenye kikao cha Tooting na mtu akasema "tukimega kipande kidogo tu kwa maegesho", hesabu hiyo ndiyo inayonijia.

Kwa wazazi wenye watoto wanaotaka njia hii: ni kazi ya halali yenye mshahara, si ya kutajirisha. Inaanza na shahada ya biolojia au ikolojia, lakini cheti peke yake hakimfikishi mtu. Wanaoajiriwa ni wale wanaoweza kuutambua mmea usio na ua au kumjua popo kwa sauti yake kwenye kifaa, na hayo hufundishwa na miaka ya kutembea na waliotangulia, mara nyingi kwa kujitolea. Uingereza, tangu Februari 2024, miradi mingi ya ujenzi imelazimishwa kuonesha kwamba hali ya viumbe itaongezeka kwa asilimia 10 kuliko ilivyokuwa, na sheria hiyo imefanya wataalamu watafutwe. Oman iko Mamlaka ya Mazingira, na Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kinasomesha biolojia. Kijana asisubiri kuja Ulaya. Aanze na kunguru wa Matrah, ndege yule yule wa Bara Hindi aliyefikishwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na akawamaliza ndege wadogo wa mjini. Achukue daftari, ahesabu wangapi wanalala mti gani, tarehe gani, saa ngapi, na afanye hivyo kila wiki kwa mwaka mzima. Akiniletea daftari hilo nitalisoma kabla sijatazama cheti chake.